Sura ya Sita: Daftari la Chini ya Meza

Mtu atokaye kisiwani Mombasa akavuka Makupa, kisha akaiacha barabara kuu ya Nairobi na kushika njia iendayo bandarini upande wake wa kushoto, hufika Kipevu, mahali ambapo kwa eneo ni padogo, bali kwa mambo yanayopitia hapo pana uzito wa nchi nzima. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Hapo ndipo ilipojengwa, kwa mkopo wa Wajapani, gati ya pili ya makontena ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2016. Hapo KenGen imeweka mitambo yake ya kuzalisha umeme kwa mafuta mazito, na Kampuni ya Mabomba ya Mafuta ina matangi yake. Na mbele yake, majini, imesimama tangu 2022 gati mpya ya mafuta iwezayo kupokea meli nne kwa pamoja. Kila moja ya taasisi hizi ina makarani na mafundi, ina bohari, ina mishahara ya kulipa na ankara za kudai, na kila moja, kwa wakati wake, imelazimika kuyatoa mambo yake katika vitabu na mafaili na kuyatia katika mfumo mmoja wa kompyuta. Sura hii itaishughulikia bandari zaidi ya wenziwe, kwa kuwa bandarini kosa la karani halifichiki muda mrefu: kontena lisiloonekana huwa na mwenyewe, na mwenyewe hupiga simu.

Mfumo wenyewe, ambao watu wa ofisini huutaja kwa herufi zake tatu, ERP, usuli wake si wa mabenki wala wa serikali bali ni wa viwanda. Katika miaka ya sitini ya karne iliyopita Joseph Orlicky na wenzake huko Marekani walikuwa wakitafuta njia ya kuiwezesha kompyuta kukokotoa ni parafujo ngapi, bamba ngapi na mota ngapi zitakazohitajika, na lini, ili mashine kadhaa zikamilike siku fulani. Hesabu hiyo ya vifaa ikaongezewa ya uzalishaji, kisha ya fedha, kisha ya watumishi, hata ilipofika 1990 kampuni ya utafiti ya Gartner ikaupa mkusanyiko huo jina ulilo nalo mpaka leo. Watu watano waliotoka IBM ya Ujerumani mwaka 1972 wakaanzisha SAP ndio waliopata soko kubwa, hususan baada ya 1992, walipotoa toleo lao liitwalo R/3. Shauri lenyewe ni jepesi kulieleza. Habari moja huandikwa mara moja tu, mahali inapotokea, na mtu aliyeiona kwa macho yake, kisha kila idara yenye haja nayo huisoma hapo hapo. Karani wa stoo akipokea matairi ishirini ya matrekta ya yadi na kuyaingiza, mhasibu hana haja ya kungoja bahasha, kwani deni la muuzaji limekwisha kujiandika; mkuu wa karakana huona kwamba matairi yapo; na mkaguzi, hata akija baada ya miaka miwili, atamjua aliyepokea, na siku, na saa.

Wepesi huo wa maelezo ndio uliowahadaa wengi. Zimetumika fedha nyingi ulimwenguni kununua mifumo ya namna hii, na wataalamu, kwa kuona ni wangapi waliotoka na hasara, wakaanza kutafuta sababu za kufaulu na za kushindwa. John Rockart wa chuo cha MIT, katika makala yake ya 1979, alikuwa amewafundisha wakuu wa makampuni kujiuliza ni mambo gani machache ambayo yakiharibika hayo, mengine yote hayafai kitu. Na mwaka 2001 Toni Somers na Klara Nelson wakakusanya mambo 22 ya aina hiyo kwa ajili ya ERP, wakiweka mbele ya yote uungaji mkono wa wakuu wa taasisi, na nyuma yake umahiri wa kikosi cha mradi na maelewano baina ya idara. Orodha hiyo ni ya haki na imewafaa wengi. Kasoro yake ni ile ya orodha zote, kwamba humfanya msomaji adhani kila jambo lina uzito wake peke yake, akawa ataka kuyatimiza moja moja na kuyatia alama, ilhali mambo hayo hupata maana pale tu yanapoelekezwa kwenye swali moja, ambalo washauri wengi hawaliulizi kwa kuwa si la kitaalamu sana: je, daftari la chini ya meza limefungwa?

Nakusudia lile buku la mistari, au siku hizi jedwali la Excel, ambalo karani huendelea kuandika humo mambo yake ya kweli baada ya mfumo kuzinduliwa kwa hotuba na keki, huku akiupa mfumo yale tu yanayotosha kuwaridhisha wakubwa. Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakutuambia hali ya mali yenye madaftari mawili. Mimi naona hali yake ni mbaya zaidi, maana asiye na daftari hujua kuwa hajui, bali mwenye mawili huchagua kila asubuhi lile linalompendeza.

Ili tuone jinsi daftari hilo linavyozaliwa, yafaa turudi nyuma kidogo. Halmashauri ya Bandari ilianza Januari 1978, baada ya kuvunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo Kilindini, yaani bandari ya Mombasa, ilikuwa chini ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Dar es Salaam. Mombasa iliyozoea kupelekewa amri ikawa sasa ndiyo itoayo amri, na kila idara ikajitengenezea fomu zake, rejista zake na namna yake ya kuita vitu. Gati ya kwanza ya makontena ilikusudiwa kupitisha makontena 250,000 kwa mwaka, kwa hesabu ya kontena la futi 20. Kufikia 2014 bandari ilikuwa imevuka milioni moja kwa mara ya kwanza, na kufikia 2024 milioni mbili. Hakuna rejista ya mkono iwezayo kustahimili ongezeko kama hilo. Makontena yalipokuwa machache, karani mzoefu aliweza kukumbuka kuwa lile jekundu la shehena ya Uganda liko nyuma ya banda. Yalipopangwa matano kwenda juu, likitakiwa la chini, kumbukumbu ya mtu haikufaa tena.

Hivyo bandari ikaingia katika mifumo miwili, mmoja kwa ajili ya fedha, manunuzi, bohari na watumishi, ambao ni SAP, na mwingine kwa ajili ya meli, yadi na geti, uliotoka Korea Kusini na kuanza kazi mwaka 2008 kwa jina la KWATOS, jina ambalo mawakala wa kutoa mizigo wamelizoea sana. Kando ya hiyo kulikuwako wa tatu usiokuwa mali ya bandari: Simba, mfumo wa forodha ambao Mamlaka ya Ushuru ya Kenya iliuchukua kutoka Senegali na kuuanzisha mwaka 2005. Sasa fikiri habari za kontena moja la miaka ile ya Simba. Kushuka kwake melini na mahali lilipolazwa vilikuwamo katika KWATOS. Ushuru wake ulikuwamo katika Simba. Malipo ya huduma za bandari yalikuwamo katika SAP. Nalo halikuweza kupita getini mpaka habari hizo tatu zipatane. Simba ilipozimika, kreni zote zikiwa tayari na dereva wa lori amekwisha kuwasha injini, kontena halikutoka. Na siku za bure za kukaa bandarini zilipoisha kwa sababu hiyo, ada ya kukaa ilianza kuhesabika, na hapo ndipo wakala alipokuja dirishani na karatasi zake mkononi kuthibitisha kwamba yeye alimaliza mambo yake juzi.

Wakala huyo, bila ya kujua, ndiye mwalimu bora wa somo hili, kwa kuwa anajua lile ambalo mkuu wa mradi aghalabu halijui: idara gani huandika jambo wakati linapotokea, na ipi huliandika jioni kwa jumla. Kontena likihamishwa saa nne asubuhi kutoka safu moja hadi nyingine, na uhamisho huo ukaingizwa saa kumi alasiri baada ya chakula, basi kwa muda wa saa sita mfumo umekuwa ukisema uongo, wala si kwa hila ya mtu bali kwa desturi ya kazi. Dereva wa mashine ya kunyanyulia aliyetumwa mahali pasipo na kitu mara mbili kwa siku moja, mara ya tatu hatausikiliza mfumo, atamwita karani wa yadi kwa redio amuulize, "Bwana, liko wapi hasa?" na karani atatazama katika kijidaftari chake. Kijidaftari kimezaliwa. Kimezaliwa kwa nia njema kabisa, ili kazi iende, na kwa sababu hiyo ni kigumu kukiua kuliko kilichozaliwa kwa wizi.

Serikali iliutambua ugumu wa mifumo isiyopatana ilipoanzisha shirika la KenTrade mwaka 2011, na kutoka hapo mfumo wa dirisha moja ulioanza kutumika 2013, ili mwenye mzigo apeleke hati zake mara moja na idara zote zizisome. Na Juni 2014 taasisi nyingi zenye mkono katika bandari zilitia saini mkataba wa jumuiya ya bandari ya Mombasa, kila moja ikijifunga kutimiza sehemu yake kwa muda uliotajwa. Mkataba huo ni jambo la busara kuliko linavyosifiwa, maana ulikubali wazi kwamba kufaulu kwa mfumo wa mmoja kumo mikononi mwa jirani yake, tena jirani asiyekuwa na amri juu yake.

Lakini tuingie ndani ya nyumba moja, maana huko ndiko yaliko mambo. Tuchukue stoo ya spea ya karakana yoyote kubwa ya pwani hii, iwe ya bandari, ya umeme au ya sukari, kwani hazitofautiani sana. Kwenye rafu pana beringi. Katika kadi za stoo za zamani beringi hiyo imeandikwa mara tatu: kwa nambari ya mtengenezaji, kwa jina la mashine inamotumika, na kwa jina walilolipa mafundi wenyewe, ambalo halimo katika kitabu chochote. Siku za kuhamisha mali kwenda katika mfumo mpya zilipofika, kijana aliyeletwa na washauri alichukua kadi zote akaziingiza kama zilivyo, kwa kuwa aliambiwa amalize kabla ya mwisho wa mwezi; na hivyo beringi moja ikawa vitu vitatu, chenye jina la kwanza kikionyesha kwamba kipo, na viwili vikionyesha sifuri. Fundi wa zamu ya usiku anakuja dirishani.

"Mzee, nipe beringi ya pampu."

"Kwa mfumo haipo."

"Si ile pale naiona?"

"Ile ni nyingine, kwa mfumo."

Fundi atapewa, kwa kuwa pampu imesimama na bwana stoo ni muungwana, na kipande cha karatasi kitatiwa saini na kuchomwa kwenye msumari hadi asubuhi. Wakati huo huo mfumo, kwa kuona sifuri mbili, umekwisha kutoa ombi la kununua beringi nyingine kwa kila jina lililokwisha, na ofisi ya manunuzi, ambayo haijui umbo la beringi, imetoa LPO, yaani hati ya kuagiza mali. Mwisho wa mwaka stoo ina beringi za kutosha miaka kumi, mkaguzi anaandika kwamba fedha zimelala rafuni, mkurugenzi anaulaumu mfumo, na muuzaji wa mfumo anawalaumu watumiaji. Usafi wa orodha ya vitu ulitakiwa ufanywe kabla, kwa miezi, na watu wawili watatu wenye mvi waliowahi kuishika beringi hiyo kwa mikono yao, ambao hawakualikwa katika mradi kwa sababu hawajui Kiingereza cha mikutano.

Stoo hiyo hiyo hutufundisha jambo la pili. Mfumo wa kweli hautamlipa muuzaji mpaka karatasi tatu zipatane, yaani LPO, hati ya kupokea bidhaa na ankara, kwa idadi na kwa bei. Sheria hiyo ni kinga kubwa dhidi ya ankara hewa, lakini nguvu yake yote imo katika hati ya kati, nayo iko mkononi mwa karani wa stoo ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko wote waliotajwa katika mradi. Akichelewa kuingiza, muuzaji halipwi. Muuzaji asipolipwa, hupandisha bei mara ijayo au huja kumwona karani kwa njia ya uani. Tena upo mtego mwingine, nao ni wa desturi njema: mwaka wa fedha unapoelekea mwisho wake Juni, mkubwa fulani hupenda kumwomba karani aandike kuwa mali imepokewa ingali baharini, ili bajeti isirudi Hazina. Karani akikubali mara moja, mfumo umekwisha. Umebaki mtambo wa kuchapisha yale watu waliyokubaliana nje yake.

Hapo ndipo naona maana halisi ya ule uungaji mkono wa wakuu ambao kila kitabu huutaja. Watu hudhani ni kuhudhuria uzinduzi na kutia saini hundi. La. Ni siku ile mkurugenzi anapoletewa ripoti iliyoandaliwa kwa mkono, nzuri, yenye rangi, akairudisha bila ya kuisoma na kusema kwamba atasoma iliyotoka katika mfumo, hata kama ina makosa, na makosa hayo yatasahihishwa katika mfumo na si pembeni. Akifanya hivyo miezi mitatu mfululizo, watu wa chini hawana haja ya semina. Akivunjika moyo mwezi wa pili, kila mtu hurudi katika jedwali lake. Kwa hiyo kudumu kwa mkuu katika kiti si jambo dogo. Kati ya 2016 na 2022 ofisi ya mkurugenzi mkuu wa bandari ya Mombasa ilikaliwa na watu wasiopungua wanne, baadhi yao wakiwa makaimu, na si bandari peke yake, kwani mashirika mengi ya umma katika eneo letu huenda hivyo. Nami sielewi jinsi mradi wa miaka mitano utakavyopata msimamo mmoja kwa wakubwa wanne, ila pawe na watu wa daraja la kati, wakuu wa idara, waliokabidhiwa mradi kwa maandishi na ambao hawaondoki pamoja na bosi.

Katika nchi za mbali yametokea ya kutisha zaidi, na yafaa kuyajua ili mtu asidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, walishauriwa wachukue miezi 48 kufunga mifumo yao mipya. Wakataka iwe 30. Wakaifungua katikati ya 1999, wakati ambapo maduka yanaagiza peremende za sikukuu ya Halloween, na maagizo ya thamani ya dola milioni 100 hivi yakashindwa kutimizwa ingawa chokoleti yenyewe ilikuwamo ghalani. Lidl, wenye maduka ya vyakula wa Ujerumani, walifanya kazi na SAP kwa muda wa miaka saba, wakaacha mwaka 2018 baada ya kutumia kiasi cha euro milioni 500, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba wao walizoea kuthamini mali ghalani kwa bei ya kununulia, hali mfumo ulijengwa juu ya bei ya kuuzia, na badala ya kubadili desturi walitaka mfumo ubadilishwe, na kila badiliko likazaa jingine.

Kisa cha Lidl kinatugusa sana, kwa sababu hakuna afisi Afrika Mashariki isiyoamini kwamba mambo yake ni ya pekee. Mengine ni ya pekee kweli: sheria ya manunuzi ya umma ya Kenya, makato ya lazima ya mishahara, mikataba iliyofungwa na Chama cha Wafanyakazi wa Bandarini juu ya zamu na posho, hayo mfumo hauna budi kuyafuata, na mshauri akikuambia ubadili sheria ya nchi ili ilingane na programu yake, mwonyeshe mlango. Lakini fomu yenye saini saba, ambayo saini tano kati yake ziliongezwa kila mara ulipotokea wizi na hazikuondolewa baada ya mwizi kufukuzwa, hiyo si sheria wala si mila. Kuihamisha katika kompyuta na saini zake zote ni kununua kwa fedha za kigeni ucheleweshaji uliokuwa ukipatikana bure. Thomas Davenport alikwisha kuonya juu ya hili mwaka 1998, kwamba mfumo wa aina hii huleta pamoja nao namna yake ya kufikiri, na taasisi isiyokaa ikaamua mapema ni wapi itafuata na wapi itakataa itajikuta imeamuliwa.

Juu ya nywila nitasema kidogo tu, kwa kuwa jambo lenyewe li wazi. Katika kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyojulikana 2015, ambamo shilingi milioni 791 zilipotea, uchunguzi ulieleza kwamba nywila za maofisa katika mfumo wa fedha wa serikali, IFMIS, zilitumiwa na watu wasiokuwa wenyewe. Mwaka huo huo, Novemba, Waziri Mkuu wa Tanzania Kassim Majaliwa alifika bandarini Dar es Salaam na kukuta makontena 349 yameondoka bila ya kulipiwa kodi ya kiasi cha shilingi bilioni 80 za huko, palipokuwa na hati za upande mmoja zisizopatana na za upande wa pili. Tatizo katika visa vyote viwili halikuwa uhaba wa mashine. Katika ofisi zetu kumnyima mwenzako nywila huonekana kama utovu wa adabu, hasa akiwa mkubwa wako aliye safarini na ataka malipo yapite leo. Na kama mfumo hauna njia halali ya kumkaimisha mtu madaraka kwa siku tatu, basi njia ya haramu itakuwa ndiyo ya kawaida, na itatumiwa na watu wazuri kwanza.

Lililosahauliwa sana ni mafunzo ya watu wa zamu. Bandari haifungi, usiku wa manane pana meli gatini na karani getini. Mafunzo hufanywa mchana, hotelini Nyali au ufuoni, na wanaokwenda huko ni wenye meza, ambao baadhi yao hawataugusa mfumo maisha yao yote, hali yule wa geti, anayeugusa mara mia kwa usiku mmoja, hupewa kijitabu cha kurasa mia mbili na kuambiwa asome. Ningekuwa na amri, ningeyapeleka mafunzo getini kwenyewe, saa tisa za usiku, juu ya skrini ile ile atakayoitumia, na mwalimu awe karani mwenzake aliyefundishwa mapema na kuongezewa mshahara kwa kazi hiyo. Na kabla ya yote ningezungumza na chama cha wafanyakazi. Mji ulioshuhudia mgomo mkuu wa Januari 1947, na ambao vibarua wake wa gatini waliandikishwa katika rejista miaka ya hamsini baada ya mivutano mingi juu ya nani ataandikwa na nani ataachwa, hauwezi kuona orodha mpya ikifunguliwa usiulize ni jina la nani litakalofutwa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake latakiwa litolewe kabla ya mashine kushushwa, likiwa ni jibu la kweli, hata kama ni la kusema kwamba kazi za makarani wa kunakili zitakwisha na wenyewe watahamishiwa kwingine.

Kuhusu siku ya kufungua mfumo, wahasibu hupenda tarehe 1 Julai, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza na vitabu vipya. Kwa wahasibu ni sawa. Kwa yadi huenda isiwe sawa, na mwenye mradi na atazame kwanza ratiba ya meli. Kuendesha vitabu viwili sambamba kwa muda mfupi, ili kupima kama mpya unatoa jibu lile lile la zamani, ni hadhari nzuri, mradi tarehe ya kufunga cha zamani iwe imetangazwa, na siku hiyo ikifika rejista zikusanywe, zitiwe sanduku na kupelekwa masijala, na fomu tupu zilizobaki zichomwe. Bila ya hivyo, muda wa majaribio hauna mwisho.

Washauri nao huondoka. Mkataba wao hufika ukomo baada ya mwaka mmoja hivi, na hapo ndipo taasisi hugundua kwamba fedha zote zilitengwa kwa ajili ya kununua na hazikutengwa kwa ajili ya kukaa na kilichonunuliwa: leseni za kila mwaka, seva za kubadilishwa, na juu ya hayo mishahara ya wale vijana wachache wa ndani waliojifunza kuurekebisha mfumo, ambao kampuni za simu na mabenki ya Nairobi zimekwisha kuwasikia habari zao. Kijana wa namna hiyo akiwekwa katika daraja la mshahara la karani wa kawaida kwa sababu muundo wa utumishi hauna cheo chake, ataondoka, na akishaondoka kila badiliko dogo litaombwa kwa barua, litalipiwa kwa dola, na litachukua miezi mitatu, muda ambao karani wa stoo hawezi kuungoja, kwa hiyo atafungua buku. Bodi inayokaa kupitisha bajeti ya mfumo ingefanya vyema kupitisha, katika kikao hicho hicho, cheo cha watu hao na mshahara wake, na kulitia jambo hilo katika kumbukumbu za mkutano kwa kauli isiyoweza kusomwa kwa namna mbili.